Maswali ya Wasomaji: Samaki na Chipsi katika Pwani ya Uingereza

Kila majira ya joto yanapokaribia, barua zinazotufikia kutoka kwa wasomaji waishio Uingereza, na kutoka kwa jamaa zao wanaojiandaa kuwatembelea, huuliza kwa namna mbalimbali kuhusu mikahawa ya samaki na chipsi iliyo kando ya bahari, ile ya zamani ambamo mtu huketi mezani na kuhudumiwa kwa sahani na birika la chai. Safari hii tumeamua kuzijibu kadhaa kwa pamoja.

*Assalaam alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na sasa naishi Leeds pamoja na mume wangu na watoto. Mwezi wa Agosti mavyaa wangu atatujia kwa mara ya kwanza, naye ni mtu wa Mji wa Kale, ambaye kwake siku isiyo na samaki haijatimia. Tumeazimia kumpeleka Whitby tukaketi naye katika mkahawa wa samaki na chipsi ulio kando ya bandari. Jirani yetu ametuambia kwamba chakula hicho si halali, na mume wangu anasema samaki ni samaki. Tumfuate nani?* — Mama wa watoto watatu, Leeds

Wa alaykum salaam, dada. Mumeo amesema kweli kuhusu samaki, na jirani yenu amesema kweli kuhusu karai. Samaki hahitaji kuchinjwa, na wale wanaokaangwa zaidi huko, yaani cod na haddock, ni samaki wenye magamba ambao hawana utata. Tatizo liko katika mafuta. Yorkshire, mnakoishi na ambako Whitby yenyewe iko, ina desturi ya miaka mingi ya kukaanga kwa shahamu ya ng'ombe iliyoyeyushwa, na wakaangaji wa huko huiona shahamu hiyo kuwa ndiyo roho ya kazi yao, kwa kuwa hustahimili moto mkali, hulikausha ganda la unga hadi likavunjika kwa mlio, na huacha harufu ya nyama ambayo wenyeji wakiikosa hulalamika. Ng'ombe huyo kwa kawaida hakuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu. Kusini mwa nchi wengi hutumia mawese au mafuta mengine ya mimea, kwa hiyo aliyekula Brighton kwa utulivu asidhani kwamba ameruhusiwa kula Whitby bila kuuliza.

Wengi hawatambui kwamba chipsi nazo huingia katika shahamu hiyo hiyo, hivyo kumwambia mgeni ale chipsi peke yake hakumwepushi na chochote. Tena hata penye mafuta ya mimea, inawezekana soseji za nguruwe zikakaangwa katika karai lile lile la samaki. Jambo jingine ni rojo la unga ambamo samaki huchovywa. La kawaida ni unga wa ngano, maji baridi, chumvi na baking pauda, lakini wako wanaotia bia badala ya maji kwa sababu gesi yake huliumua ganda likawa jepesi, na mara nyingi hulitangaza jambo hilo kwa fahari katika orodha ya vyakula.

Usitegemee kwamba sheria itakuambia yote hayo. Ni kweli kwamba mikahawa ya Uingereza inalazimika kumjulisha mteja kuhusu vitu 14 vinavyoweza kumdhuru mwenye mzio, vikiwemo samaki, maziwa, mayai, haradali na nafaka kama ngano na shayiri, lakini shahamu ya ng'ombe haimo katika orodha hiyo, na kileo chenyewe hakimo. Ni lazima uulize kwa ulimi wako. Piga simu siku chache kabla ya safari, uliza wanakaanga kwa mafuta gani, uliza kama rojo lina bia, kisha uliza kama samaki wana karai lao peke yao. Usione haya hata kidogo, kwa maana wahudumu wa mikahawa hiyo huulizwa maswali hayo hayo na watu wasiokula nyama, ambao nao hawawezi kula chipsi za shahamu. Nayasema haya kwa uchungu, kwa kuwa miaka iliyopita nilikula nusu ya sahani katika mji mmoja wa pwani hiyo kabla sijafikiria kuuliza, na sikupenda kusikia jibu nililopewa nikiwa na uma mkononi. Ikiwa hamtapata mkahawa unaotumia mafuta ya mimea, ulizeni kama upo samaki wa kuoka au wa kuchemshwa kwa mvuke, kwani mikahawa mikubwa ya kuketi mara nyingi huwa naye. Hukumu ya mwisho kuhusu mashaka yanayobaki mwachieni shekhe mnayemwamini.

Kuhusu siki, nina habari ambayo huenda ikakufurahisha. Chupa ya maji ya kahawia iliyo mezani si siki ya kimea wakati wote. Maduka mengi ya samaki hutumia mchanganyiko wa maji, asidi ya siki na rangi ya sukari iliyounguzwa, ambao kisheria haupaswi kuitwa siki kwa sababu haukuchachushwa, na kwa sababu hiyo hiyo wako Waislamu na Wayahudi wanaouona kuwa na amani zaidi.

Fikeni mapema, saa tano na nusu asubuhi hivi, kwa sababu mwezi wa Agosti foleni za Whitby huwa ndefu, hasa nje ya Magpie Café, ile nyumba kuu kuu nyeupe na nyeusi inayotazama bandari. Mketisheni mavyaa dirishani auone mto na bahari vikikutana, kwa kuwa mto Esk humwaga maji yake pale pale. Zile ngazi 199 ziendazo kanisani na kwenye magofu ya abasia ziacheni kwa vijana.

*Mhariri, mwaka jana nilikwenda kwenye mafunzo Scarborough. Wenyeji wetu walitupeleka kwa heshima kubwa kwenye mkahawa unaotazama ufuko, nikaletewa samaki anayezidi sahani kwa urefu, hana pilipili, hana tangawizi wala kitunguu saumu, na kando yake rojo la kijani ambalo sikulielewa. Je, nilipelekwa mahali pasipofaa, au ndivyo chakula chenyewe kilivyo?* — Msomaji, Dar es Salaam

Ndivyo kilivyo, ndugu yangu, na wenyeji wako walikupa walicho nacho bora. Sisi tunapomkaanga changu tunamkata mistari, tunamkandika viungo na kumtia katika mafuta akiwa na ngozi yake, kwa hiyo moto unakutana na mnofu moja kwa moja, na viungo ndivyo vinavyobeba ladha ya mahali palipoungua. Kwao kazi ni nyingine kabisa. Mnofu usio na mwiba huchovywa katika rojo zito na kutumbukizwa katika mafuta yenye joto la nyuzi 180 hivi, ganda linakaza mara moja, na kuanzia hapo samaki hakaangwi tena, bali anaiva kwa mvuke wa maji yake mwenyewe ndani ya ganda lile. Ukitaka kumpima mkaangaji, livunje ganda katikati: mnofu mweupe unapaswa kufunguka kwa mapande mapana yanayong'aa, wenye majimaji lakini usio mbichi, na chini ya ganda pasiwe na tabaka la unga uliolowa. Samaki wa aina hiyo ana utamu mwembamba ambao tangawizi ingeufukia, nami naamini kwamba anastahili kuonjwa kwanza peke yake, kwa chumvi na ndimu, kabla hujamwomba mhudumu pilipili. Siki ni ya chipsi zaidi kuliko samaki, tena itiwe kidogo kidogo kadiri unavyokula, kwa sababu ukiimwaga yote kwa mara moja ganda hulegea kabla hujafika nusu.

Lile rojo la kijani ni njegere kubwa zilizokaushwa, ambazo hulowekwa usiku kucha katika maji yenye magadi laini, kisha zikachemshwa polepole hadi zikajiponda zenyewe. Aliyewahi kula makande yaliyolainishwa kwa magadi atautambua ulaini huo. Kazi yake mezani ni kuupoza mlo ambao bila ya hizo ungekuwa mafuta matupu, na aliyeziacha sahanini ameacha sehemu ya chakula chenyewe.

*Nimesikia kwamba samaki anayeliwa katika miji ya pwani ya Uingereza hakuvuliwa katika bahari inayoonekana dirishani. Kama ni kweli, kuna maana gani kusafiri hadi pwani?* — Mvuvi mstaafu, Tanga

Mzee wangu, shikamoo. Umesikia kweli kwa sehemu kubwa. Cod na haddock wengi wanaokaangwa Uingereza hutoka katika maji ya baridi ya Norway, Iceland na Bahari ya Barents, ambako meli kubwa huwasafisha, huwakata minofu na kuwagandisha humo humo melini katika saa chache baada ya kuvuliwa. Wewe uliyeishi na bahari utaelewa kwamba samaki aliyegandishwa saa ile ile anaweza kuwa bora kuliko yule anayeitwa mbichi baada ya kukaa juu ya barafu kwa siku nyingi.

Hali hii ina historia yake. Miji ya Hull, Grimsby na Fleetwood ilitajirika kwa meli zilizokwenda kuvua karibu na Iceland, mpaka Iceland ilipoamua kuilinda riziki yake kwa kuusogeza mpaka wake wa uvuvi hadi maili 12 mwaka 1958, maili 50 mwaka 1972 na maili 200 mwaka 1975. Uingereza ilipeleka manowari kuwalinda wavuvi wake, Waiceland wakawa wanazikata nyavu zao baharini kwa vyombo maalumu, na mwaka 1976 Uingereza ikasalimu amri. Maelfu ya mabaharia na wafanyakazi wa bandari walipoteza kazi, na bado ziko nyumba za Hull ambamo jambo hilo huzungumzwa kwa majonzi. Nataka pia ukumbuke kwamba katika miaka hiyo hiyo Kenya ilikuwa mstari wa mbele katika Umoja wa Mataifa kupendekeza kwamba kila nchi ya pwani iwe na haki ya uchumi katika bahari yake hadi maili 200, wazo ambalo mwaka 1982 liliingia katika mkataba wa sheria ya bahari, na ambalo leo linalinda maji yako ya Tanga vilevile.

Anayetaka samaki aliyevuliwa karibu na pale alipoketi asome kibao cha samaki wa siku hiyo, ambacho katika mikahawa mizuri huandikwa kwa chaki na kubadilishwa kila asubuhi. Humo huweza kupatikana samaki bapa kama plaice na sole, au kaa wa pale pale. Tahadhari ni mbili. Kamusi zetu hulifasiri neno cod kuwa chewa, lakini chewa wa kwetu wa kwenye matumbawe ni samaki mwingine kabisa, kwa hiyo mtu asitarajie ladha ile. Na kusini mwa Uingereza huuzwa samaki kwa jina la rock salmon au huss, ambaye si jamii ya salmoni hata kidogo, bali ni papa mdogo. Kwetu papa ni kitoweo cha heshima, lakini wasomaji wetu Waithnaashari, na wengine wote wanaojizuia na samaki wasio na magamba, wasidanganywe na jina hilo.

Kuhusu maana ya safari, mimi naiona katika wingi wa walaji. Mkahawa wa pwani unaojaa tangu mchana hadi jioni haumwachi samaki akingoja ndani ya kabati la kioo chenye joto, anatoka karaini na kuja mezani, na hicho ndicho kinachotenganisha mlo mzuri na mlo mbaya kuliko umbali wa mahali alipovuliwa.

*Shikamoo. Mwalimu wetu alisema kwamba samaki na chipsi ni chakula cha asili cha Waingereza, lakini mwenzangu mmoja anashikilia kwamba kililetwa na Wayahudi. Naomba kufahamishwa.* — Mwanafunzi wa kidato cha tano, Zanzibar

Marahaba, mwanangu. Zanzibar ni mahali pazuri pa kuuliza swali hili, kwa maana wewe umekua katika mji ambao pilau na biriani hazina haja ya kuulizwa zilikotoka ndipo zihesabiwe kuwa za kwenu. Samaki wa kuchovywa unga na kukaangwa kwa mafuta aliingia London pamoja na Wayahudi waliotoka Hispania na Ureno, ambao walimkaanga siku ya Ijumaa ili Jumamosi, ambayo kwao ni siku ya kutopika, aliwe akiwa baridi. Viazi vya kukaanga vilikuwa na njia yake peke yake, na vilipendwa sana na wafanyakazi wa viwandani kaskazini mwa nchi. Kuhusu aliyeviunganisha viwili hivyo, kuna mvutano ambao haujaisha: watu wa London humtaja Joseph Malin, kijana wa Kiyahudi aliyefungua duka upande wa mashariki mwa jiji mnamo mwaka 1860, na watu wa Lancashire humtaja John Lees, aliyeuza katika kibanda cha mbao sokoni Mossley mnamo mwaka 1863.

Kilichokieneza chakula hiki ni meli za mvuke zilizokokota nyavu, barafu, na reli iliyowafikisha samaki wa bandarini katika miji ya bara wakiwa bado wanalika. Kuketi mezani kulikuja baadaye. Samuel Isaacs alifungua mkahawa wake London mwaka 1896, ambamo mfanyakazi wa kawaida alipewa samaki, chipsi, mkate wenye siagi na chai kwa peni tisa, juu ya meza yenye kitambaa na maua, na baadaye akafungua matawi katika miji ya pwani kama Brighton, Ramsgate na Margate. Mimi humheshimu sana mtu huyo, kwa sababu alitambua kwamba maskini naye anapenda kula akiwa ameketi kwa staha. Mpaka leo mkahawa wa pwani unaofuata ada za zamani hukuletea mkate, siagi na chai bila kujali umeagiza chipsi nyingi kiasi gani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 maduka ya chakula hiki nchini yalikuwa takriban 35,000, na hata katika vita viwili vikuu vya dunia, ambamo vyakula vingi viligawiwa kwa kipimo, samaki na viazi havikuwekewa kipimo. Kwa hiyo mwambie mwenzako kwamba hakukosea, na mwalimu naye umwelezee kwa adabu ulichokisoma.

*Kwa nini samaki yule yule ana bei kubwa zaidi nikiketi ndani kuliko nikifungiwa chakula dirishani nikaondoka nacho? Na je, ni lazima kuacha bakshishi?* — Baba, Leicester

Wapo wanaodhani kwamba tofauti hiyo ni kodi, lakini sivyo, kwa sababu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 hutozwa kwa chakula cha moto cha kufungiwa kama inavyotozwa kwa kinachoandaliwa mezani. Unalipia kiti, mhudumu, birika la chai na mahali pa kunawa mikono, na kwa familia yenye mzee au mtoto mchanga naona malipo hayo ni ya haki. Bakshishi si lazima. Mwenye kuridhika huacha asilimia 10 hivi, ila soma risiti kwanza, kwa kuwa mikahawa mingine huwa imekwisha kuijumlisha gharama ya huduma.

Ukiamua kufungiwa ili mkalie ukuta wa bandari, jihadharini na shakwe. Ndege hao hawaogopi mtu, humpokonya mtoto kipande kikiwa njiani kuelekea kinywani, na mdomo wao hujeruhi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walionyesha mwaka 2019 kwamba shakwe anayetazamwa usoni huchelewa kukisogelea chakula kuliko asiyetazamwa, kwa hiyo mtu mzima mmoja akae akiwatazama wakati watoto wanakula, migongo yao ikiwa imeegemea ukuta.

*Kipande kilichobaki kinaweza kupashwa moto nyumbani?* — Msomaji, Manchester

Kinaweza, mradi umekiweka kwenye friji mapema baada ya kupoa. Kipashe katika oveni juu ya waya, ili hewa ya moto ipite chini yake pia, hadi katikati kiwe cha moto kabisa, na usikifunike, kwa sababu mvuke ukikosa pa kutokea hurudi katika ganda na kulilowesha. Chipsi zilizobaki hazirudii hali yake kwa njia hiyo. Zikate vipande vidogo, zimiminie mayai yaliyopigwa pamoja na kitunguu na chumvi kidogo, uzigeuze kikaangoni mara moja, na watoto watakula chipsi mayai.